Kabla Hujafungua Kopo la Vidonge vya Ngozi

Chukua kopo lolote la vidonge vinavyouzwa kwa ajili ya nywele, ngozi na kucha, uligeuze upande wa nyuma. Hapo kuna jedwali la maandishi madogo ya kukaza macho. Tafuta mstari wa biotini, mojawapo ya vitamini za kundi B. Mara nyingi utakuta imeandikwa mikrogramu 10,000, na pembeni yake asilimia ya mahitaji ya siku: 33,333. Mpiga chapa hajakosea. Mtu mzima anahitaji takribani mikrogramu 30 za biotini kwa siku, na kiasi hicho hukipata bila kuhangaika kwenye mayai, maini, karanga na viazi vitamu. Kidonge kimoja cha kopo hilo kimebeba mahitaji ya siku zaidi ya 300. Wanunuzi wengi huisoma namba ile kama sifa ya bidhaa, kwamba kilichojaa zaidi ndicho kitakachofanya kazi zaidi. Nakushauri uisome kwa kuuliza: kipimo hiki kimewekwa kwa sababu gani, na kikishamezwa kitaishia wapi mwilini?

Hoja yangu ni kwamba vitamini ikishazidi mahitaji ya mwili mara kumi au mara mia, imeacha kuwa lishe, imekuwa dawa. Na dawa ya kumeza haiendi usoni peke yake. Inapita kwenye damu, ini na figo, na huko ndiko madhara yake yanakoanzia. Tatizo ni kwamba anayejitibu kwa vidonge hivi hupima maendeleo yake kwa kutazama kioo, na katika jambo hili ngozi ni shahidi asiyeaminika, kwa sababu upungufu na ziada huonekana juu yake kwa sura zinazofanana.

Tazama vitamini A. Anayepungukiwa nayo ngozi humkauka, ikaota vipele vigumu vya kukwaruza kwenye mikono na mapaja. Aliyeizidisha naye midomo humkauka na kupasuka, ngozi humchunika, nywele zikamtoka. Akijitazama anaona ukavu uleule uliompeleka dukani, na hatua anayoiona ya busara ni kuongeza kidonge. Seleniamu ni hivyohivyo. Ni madini yanayotiwa kwenye vidonge vingi vya nywele na kucha, lakini ikizidi hupukutisha nywele na kuharibu kucha. Mwaka 2008 huko Marekani kuliuzwa kirutubisho cha maji ambacho kwa kosa la utengenezaji kilikuwa na seleniamu mara 200 ya kiasi kilichoandikwa kwenye lebo. Watu 201 katika majimbo 10 waliugua: waliharisha, wakaumwa viungo, nywele zikawatoka na kucha zikaharibika. Vitamini B12 nayo, ambayo watu huchomwa sindano zake ili kupata nguvu, inaweza kuleta chunusi kwa baadhi ya watu. Watafiti wa California walieleza mwaka 2015 namna inavyotokea: B12 ikijaa kwenye ngozi, bakteria wa chunusi hupunguza kujitengenezea B12 yao wenyewe, badala yake wakazalisha kwa wingi kemikali ziitwazo porfirini, ambazo huchochea uvimbe. Kijana anayetibu uso kwa mchanganyiko wa vitamini B anaweza kuwa analisha tatizo lake.

Hapa kuna pingamizi la haki. Mbona upungufu wa vitamini huharibu ngozi kweli, na vitamini hiyohiyo ikirudishwa ngozi hupona? Ni kweli kabisa, na pelagra ndiyo ushahidi mzuri kuliko wote. Mwaka 1990 wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa kwenye kambi za Malawi waliacha kupewa karanga katika mgawo wao. Mahindi yakabaki kuwa chakula kikuu, na mahindi yana niasini kidogo ambayo mwili unaweza kuifyonza. Watu zaidi ya 17,000 walipata pelagra. Ngozi yao ilibadilika rangi na kuchunika mahali palipopigwa na jua: mikono, miguu, na shingoni ambako mabaka ya ugonjwa huu hupenda kuzunguka kama mkufu. Lakini angalia ni kiasi gani kilichokosekana. Mtu mzima anahitaji miligramu 14 hadi 16 za niasini kwa siku, yaani kiasi ambacho karanga, samaki na nyama vinakitoa bila shida. Pelagra hutibiwa kwa dozi ya muda mfupi, kisha chakula chenye mchanganyiko huendeleza kazi. Faida yote ya vitamini iko kwenye kuziba pengo. Pengo likishazibwa, ukiendelea kumimina hakuna faida nyingine inayofuata, isipokuwa kama tiba hiyo imechunguzwa kwa ugonjwa huo na kwa kipimo hicho. Na magonjwa mengi yanayowapeleka watu kwenye makopo haya hayatokani na pengo la vitamini. Chunusi hutokana na homoni, mafuta ya ngozi, vinyweleo vilivyoziba na bakteria. Pumu ya ngozi ina urithi na kinga ya mwili ndani yake. Mbalanga ni kinga ya mwili inayoshambulia chembe zinazotengeneza rangi. Fangasi ni fangasi. Hata ukimeza kopo zima haitaondoka.

Vitamini A nitaikalia zaidi, kwa sababu ndiyo inayodhuru kwa urahisi na ndiyo inayosifiwa sana kwa chunusi. Mwanamume anahitaji mikrogramu 900 kwa siku, mwanamke 700. Kikomo cha juu kwa mtu mzima, kwa aina ya vitamini A inayotoka kwa wanyama au kiwandani iitwayo retinoli, ni mikrogramu 3,000. Tatizo ni kwamba makopo mengi hayaandiki mikrogramu, yanaandika IU, na hapo ndipo watu hupotea. IU moja ya retinoli ni mikrogramu 0.3, kwa hiyo kikomo hicho ni IU 10,000. Kapsuli ya IU 25,000, ambayo unaweza kuikuta ikiuzwa bila cheti cha daktari, ina mikrogramu 7,500. Sasa jumlisha: kapsuli hiyo, multivitamini ya asubuhi, kijiko cha mafuta ya ini la samaki, na sahani ya maini jioni. Kipande cha maini ya ng'ombe cha gramu 85 kilichopikwa peke yake kina zaidi ya mikrogramu 6,000. Vitamini hii huyeyuka kwenye mafuta na huhifadhiwa kwenye ini, hivyo ziada haitoki na mkojo. Inalimbikizwa wiki baada ya wiki. Dalili zinaweza kuchelewa miezi mingi: kichwa kuuma kila siku, macho kuona ukungu kwa sababu shinikizo limepanda ndani ya fuvu, mifupa kuuma, na mwishowe ini kuharibika. Hatari ya shinikizo hilo huongezeka ukichanganya vitamini A na isotretinoini, au na antibiotiki za jamii ya doksisaiklini, ambazo hutolewa mara kwa mara kwa chunusi. Kama umeandikiwa mojawapo, kopo la vitamini A liweke pembeni.

Kwa mwanamke anayeweza kushika mimba jambo ni zito zaidi. Mwaka 1995 jarida la kitabibu la Marekani lilichapisha matokeo ya uchunguzi wa wajawazito zaidi ya 22,000. Miongoni mwa waliokuwa wakimeza zaidi ya IU 10,000 za retinoli kwa siku kutoka kwenye virutubisho, watafiti walikadiria kuwa mtoto mmoja kati ya 57 alizaliwa na kasoro iliyosababishwa na vitamini hiyo. Kasoro hizo hutokea katika wiki za mwanzo, wakati wengi hawajajua kuwa wana mimba. Kwa hiyo kusema "nitaacha nikijua nina mimba" hakusaidii. Isotretinoini, dawa ya chunusi sugu iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1982, ni ndugu wa vitamini A, na ndiyo maana daktari makini hamwandikii mwanamke bila kupima mimba na kuhakikisha anatumia njia ya uzazi wa mpango. Ni ajabu kwamba ndugu mmoja analindwa kwa masharti yote hayo, mwingine anauzwa kaunta pamoja na pipi za kikohozi.

Utaniuliza: mbona kliniki watoto hudondoshewa vitamini A nyingi namna ile mdomoni? Ndiyo, mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano hupewa IU 200,000. Lakini hupewa mara moja kila miezi sita, katika nchi ambazo upungufu huo unapofusha na kuua watoto, na kipimo kimepangwa kitumike polepole hadi zamu ijayo. Ni kuziba pengo, tena kwa hesabu. Kumeza IU 25,000 kila siku kwa miezi hiyo sita ni zaidi ya IU milioni 4. Wala usiogope mawese, karoti, maembe, mchicha na viazi lishe. Hivi vina karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A kwa kadiri unavyohitaji. Ukila sana viganja vinaweza kuwa vya manjano, basi.

Pingamizi la pili limeenea mno: vitamini B na C huyeyuka kwenye maji, ziada hutoka na mkojo, hivyo hazina madhara. Nusu ya kwanza ni kweli, lakini kabla ya kutoka zimepita mahali. Vitamini B6 ni mfano wenye kejeli. Watu wenye ganzi ya mikono na miguu hupewa vidonge vya B1, B6 na B12, na vidonge hivyo vinaweza kuwa na miligramu 100 au zaidi za B6, wakati hitaji la siku halifiki miligramu 2. Mwaka 1983 madaktari wa Marekani walieleza wagonjwa saba waliomeza gramu kadhaa kwa siku hadi mishipa yao ya fahamu ikaharibika, wakashindwa kutembea sawasawa. Baadaye visa vikaonekana kwa vipimo vidogo zaidi vilivyotumiwa muda mrefu. Dalili ya kwanza ya sumu hiyo ni ganzi. Mgonjwa anaongeza dozi ya kitu kinachomtia ganzi. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilishusha kikomo cha mtu mzima mwaka 2023 hadi miligramu 12 tu kwa siku. Vitamini C nayo hubadilishwa kwa sehemu kuwa oksalati, inayojenga mawe ya figo. Uchunguzi wa wanaume zaidi ya 20,000 wa Uswidi, uliochapishwa mwaka 2013, ulionyesha kuwa waliotumia vidonge vya vitamini C walipata mawe ya figo karibu mara mbili ya wasiotumia. Uchunguzi wa aina hiyo hauthibitishi chanzo peke yake, lakini kwa mtu aliyewahi kupata jiwe la figo unatosha kabisa kumfanya aiache miligramu 1,000 ya kila siku. Chungwa na pera havimletei shida hiyo.

Biotini yenyewe haijulikani kuwa na sumu, na watengenezaji hulishika neno hilo. Madhara yake yanakuja kwa njia ya maabara. Vipimo vingi vya damu vya kisasa vimejengwa juu ya biotini kama gundi ya kushikanisha vitu ndani ya mashine. Damu ikijaa biotini, mashine hutoa jibu la uongo. Vipimo vya tezi ya shingo vinaweza kuonyesha kuwa inafanya kazi kupita kiasi wakati ni nzima, mtu akaanzishiwa dawa asiyoihitaji. Kibaya zaidi ni troponini, kipimo cha kugundua shambulio la moyo, ambacho kinaweza kusoma chini kuliko ukweli. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa onyo Novemba 2017, baada ya taarifa ya mgonjwa aliyefariki kufuatia jibu la troponini lililopotoshwa hivyo, na ikalirudia mwaka 2019. Haya yote kwa kidonge ambacho faida yake imeonekana hasa kwa watu wachache wenye upungufu wa kweli, au kasoro za kuzaliwa zinazouzuia mwili kuitumia.

Kuhusu vitamini zinazosifiwa kwamba zinazuia uzee wa ngozi, E na beta-karotini, historia imekuwa kali. Mantiki ilikuwa nzuri: zinapambana na kemikali zinazochakaza chembe, basi zitazuia saratani na makunyanzi. Zikajaribiwa. Nchini Finland, wavutaji sigara zaidi ya 29,000 walifuatiliwa, na matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kuwa waliopewa beta-karotini walipata saratani ya mapafu kwa asilimia 18 zaidi. Nchini Marekani, IU 400 za vitamini E kila siku, kipimo kilekile cha kapsuli laini zinazouzwa mitaani kwetu, ziliongeza saratani ya tezi dume kwa asilimia 17, kwa matokeo yaliyotangazwa mwaka 2011. Na Ufaransa, ambako mchanganyiko wa vitamini C, E, beta-karotini, seleniamu na zinki ulitolewa kwa vipimo vya wastani tu, wanawake waliomeza walipata saratani ya ngozi zaidi ya wenzao waliopewa vidonge bandia. Ngozi yenyewe! Wengine huitoboa kapsuli ya E na kujipaka usoni wakidhani hapo hakuna hatari. Wapo inaowawasha na kuwatoa vipele, na kwa makovu haijaonyesha faida ya kutegemewa.

Vitamini D nitaipitia haraka. Miaka ya 1940 madaktari wa Ufaransa na Uingereza waliitumia kwa dozi kubwa mno kutibu kifua kikuu cha ngozi, na wengi walipona, lakini kalisi ilipanda kwenye damu ya baadhi yao hadi wakaugua. Antibiotiki zilipopatikana tiba ile ikaachwa. Leo imerudi kwa sura ya dozi kubwa za mbalanga na soriasisi zinazosambazwa kwa simu. Kikomo cha kawaida bila usimamizi ni IU 4,000 kwa siku. Kwa Waswahili walioko Maskati au Ulaya, ambako jua halifiki kwenye ngozi kwa sababu ya mavazi, kukaa ndani au baridi, upungufu ni wa kweli na daktari anaweza kuandika kapsuli ya IU 50,000. Soma vizuri: mara nyingi ni moja kwa wiki. Wanaoimeza kila siku ndio wanaofika hospitalini na kiu isiyokatika, kutapika, kuchanganyikiwa na figo zilizoelemewa.

Sasa pingamizi zito kuliko yote: madaktari wa ngozi wenyewe hutumia vitamini kwa dozi kubwa. Hutumia, na sioni aibu kuisifu kazi hiyo. Nchini Australia watu 386 waliowahi kuugua saratani ya ngozi walipewa nikotinamidi, aina ya vitamini B3, miligramu 500 mara mbili kwa siku. Mwaka 2015 ilitangazwa kuwa saratani mpya za aina zisizo melanoma zilipungua kwa asilimia 23. Lakini ona tofauti. Ugonjwa ulitajwa, wagonjwa walichaguliwa, kipimo kilipangwa, kulikuwa na kundi la kulinganisha, na madhara yaliandikwa. Faida ilipotea baada ya kuacha, na hilo nalo likasemwa. Kopo la dukani limekopa heshima ya utafiti wa namna hii bila kubeba masharti yake hata moja. Marekani, yanakotengenezwa mengi ya makopo haya, sheria ya mwaka 1994 haimtaki mtengenezaji wa virutubisho athibitishe kwa serikali kuwa vinafanya kazi kabla ya kuviuza. Maneno "vimetoka Marekani" hayana uzito ambao muuzaji anayapa.

Ushuhuda wa jirani aliyepona nao una maelezo. Chunusi na pumu ya ngozi hupanda na kushuka zenyewe. Mtu huenda kununua vidonge siku uso umeharibika kuliko siku zote, na baada ya hali kufika pabaya kinachofuata kwa kawaida ni nafuu, kidonge kiwepo kisiwepo. Mara nyingi pia siku hiyohiyo aliacha krimu kali au mkorogo, na sifa zote zikaenda kwa kopo.

Dripu za kung'arisha ngozi, zenye glutathioni na vitamini C ya gramu kadhaa, naziweka peke yake, kwa kuwa hapo hata tumbo halipati nafasi ya kuzuia ziada. Watu wengi wa pwani yetu na maeneo mengine ya malaria wamerithi upungufu wa kimeng'enya cha G6PD. Hawaumwi na hawajui. Vitamini C nyingi ikiingizwa kwenye mshipa wa mtu kama huyo inaweza kupasua chembe nyekundu za damu: mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, macho yanageuka manjano, na figo zinaweza kusimama. Anayetaka kukutundikia dripu hiyo bila kukupima G6PD kwanza, mwambie hapana, hata kama saluni yake ina viyoyozi.

Kama tayari unatumia vidonge, usianze kwa kuvitupa. Viweke vyote mezani, pamoja na multivitamini, mafuta ya samaki na sindano ulizochomwa karibuni, uandike kiasi cha vitamini A, B6, D, E, zinki na seleniamu kwa siku, kisha ujumlishe kila kimoja kivyake. Zinki ikizidi miligramu 40 kwa siku kwa muda mrefu hunyima mwili shaba na kuleta upungufu wa damu. Kinachovuka kikomo na hakikuandikwa na daktari, acha. Kichwa kinachouma mfululizo na macho kuona ukungu, ganzi mpya, mkojo mweusi au macho ya manjano ni sababu ya kwenda hospitali siku hiyohiyo, ukiwa na makopo yenyewe mkononi. Kwa ugonjwa wa ngozi wenyewe, muulize mganga wa kituo chako akuelekeze kwa mtaalamu. Chuo cha kanda cha magonjwa ya ngozi cha KCMC Moshi kimekuwa kikifundisha wataalamu hao tangu miaka ya 1990, na wengi wako kwenye hospitali za mikoa. Na ukipimwa damu kwa jambo lolote, mwambie anayekutoa damu kwamba unatumia biotini, na kama kipimo si cha dharura, iache siku mbili hadi tatu kabla. Ukipelekwa na maumivu ya kifua usisubiri hata saa moja. Mwambie daktari tu, naye atajua namna ya kulisoma jibu la troponini.